Mayo Clinic, Fahari ya Minnesota Waliyoijenga Wageni

Mkazi wa Minnesota akiulizwa jimbo lake lina nini, hakosi la kusema. Lina maziwa 11,842, tena hayo ni yale ya kuanzia ekari 10 tu. Mto Mississippi, unaoteremka hadi Ghuba ya Mexico, chimbuko lake ni Ziwa Itasca, na pale unapoanzia hata mtoto huuvuka kwa kukanyaga mawe. Bob Dylan alizaliwa Duluth, Prince akazaliwa Minneapolis. Vile vijikaratasi vya njano vya kubandika, vilivyojaa katika meza za ofisi duniani kote, ni kazi ya kampuni ya 3M ya huko huko.

Hata hivyo, jina lililoipeleka Minnesota mbali kuliko yote, Mayo Clinic, limetoka katika mji mdogo wa Rochester, na waliolipanda hawakuwa wazaliwa wa jimbo hilo.

William Worrall Mayo alizaliwa Uingereza mwaka 1819. Aliingia Minnesota ikiwa bado haijawa jimbo, na mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, akapelekwa Rochester kuwapima afya vijana walioitwa jeshini. Kazi hiyo ilipokwisha hakuondoka. Wanawe wawili, Will na Charlie, walikua wakimfuata kwa wagonjwa, na wote wawili wakasomea udaktari. Mwingine ni Mama Alfred Moes, mtawa mzaliwa wa Luxembourg, aliyeanzisha shirika la masista Wafransisko mjini humo mwaka 1877. Masista wake walikuwa walimu. Uuguzi haukuwa kazi yao.

Jioni ya tarehe 21 Agosti 1883 tufani iliupiga Rochester. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengine wengi wakaumia, na mji haukuwa na hospitali. Majeruhi walilazwa popote palipopatikana, hata katika ukumbi wa dansi, Mzee Mayo akiwasimamia na masista wakiacha chaki ili wawauguze. Mambo yalipotulia, Mama Alfred alimwendea daktari na pendekezo: masista watajenga hospitali, ikiwa yeye na wanawe watakubali kuihudumia. Mzee alisita. Mji ulikuwa mdogo, gharama ilikuwa kubwa, na enzi zile watu waliiona hospitali kama mahali pa kwenda kufia. Mtawa hakukubali kushindwa. Masista walifundisha, wakajinyima, wakakusanya fedha kwa miaka kadhaa.

Tarehe 30 Septemba 1889 Hospitali ya St. Marys ilifunguliwa ikiwa na vitanda 27. Mzee Mayo alikuwa na miaka 70.

Historia nyingi huishia hapa na kuwaachia akina Mayo sifa yote. Si haki. Sista Joseph Dempsey aliiongoza St. Marys kuanzia mwaka 1892 hadi alipofariki mwaka 1939, na kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa kwanza wa Dkt. Will katika chumba cha upasuaji. Ndiye aliyegundua kwamba baadhi ya wagonjwa wenye uvimbe mdogo mgumu kitovuni walikuwa na saratani iliyokwisha kuenea tumboni. Dalili hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo, na wanafunzi wa udaktari huisoma kila mahali. Naye muuguzi Alice Magaw alitoa nusukaputi kwa wagonjwa zaidi ya 14,000 bila kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa hiyo, wakati ambapo kulazwa usingizi kuliogopwa kama kisu chenyewe.

Upasuaji ndio uliowavuta watu, lakini kilichoifanya Mayo iwe Mayo ni faili. Kabla ya mwaka 1907 kila daktari alikuwa na daftari lake, na habari za mgonjwa mmoja zilitawanyika katika madaftari matano. Dkt. Henry Plummer akampa kila mgonjwa namba moja na faili moja, linalomfuata kila aendako, ili kila daktari asome alichoandika mwenzake. Anayekwenda leo katika hospitali yoyote kubwa na kuulizwa namba ya faili anatumia mpango wa aina hiyo hiyo.

Kisha mwaka 1919 ndugu hao wawili walifanya jambo ambalo matajiri wachache huthubutu. Waliitoa kliniki mikononi mwao, pamoja na sehemu kubwa ya akiba yao, wakaikabidhi kwa taasisi isiyogawa faida. Madaktari wake hulipwa mshahara, kwa hiyo hakuna anayepata nyongeza kwa kumpasua mgonjwa asiyehitaji kupasuliwa.

Matunda yalionekana. Septemba 1948, Dkt. Philip Hench na wenzake walimchoma sindano ya dawa iliyokuja kuitwa kortisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Siku chache baadaye alitembea, akaenda mjini kufanya manunuzi. Mwaka 1950 Hench na Edward Kendall, waliofanya kazi Mayo, walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi. Nao pia walikuwa wahamiaji wa Minnesota: Hench alitoka Pittsburgh, Kendall alitoka Connecticut. Leo Mayo ina matawi Florida na Arizona, na Mfalme Hussein wa Jordan ni miongoni mwa waliosafiri hadi Rochester kutafuta tiba.

Minnesota sasa ina Waafrika Mashariki wengi, Wasomali na Wakenya wakiwemo, na si wachache kati yao wanaofanya kazi ya uuguzi na ya kutunza wazee. Historia hii ya wageni na wauguzi ni yao pia. Rochester iko kusini-mashariki mwa Minneapolis, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, na katika Jengo la Plummer, lililofunguliwa mwaka 1928, ofisi za Will na Charlie zimehifadhiwa. Wapelekeni watoto wakazione, na habari za kwanza kuwasimulia ziwe za Mama Alfred.