Wasichana Wanaozuiliwa Kisheria Nchini Kenya na Umbali wa Familia Zao

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaagiza kwamba mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kadiri inavyofaa, akitengwa na watu wazima, na katika mazingira yanayozingatia jinsia na umri wake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Kwa msichana, hata hivyo, ugumu huanzia kwenye ramani. Wavulana wana shule za kurekebisha tabia Likoni, Kakamega na Kericho, miongoni mwa nyingine, na taasisi za Borstal za Shimo la Tewa na Shikusa. Wasichana wametengewa shule za Dagoretti na Kirigiti, pamoja na Borstal ya Kamae, zote zikiwa Nairobi na viungani mwake. Mzazi wa Lodwar au Lamu husafiri mamia ya kilomita kumwona bintiye, na nauli pekee yatosha kumkatiza tamaa.

Amri ya Borstal, ambayo hutolewa kwa mwenye umri wa miaka 15 hadi 17, yaweza kudumu miaka 3. Binti huingia mtoto, akatoka mtu mzima ambaye jamaa zake hawamjui tena vyema.

Sheria inairuhusu mahakama kumweka mtoto chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, au malezi ya mtu anayefaa, akabaki karibu na kwao.