Bwana Nyoka wa Liwale

Mkulima wa Nambilanje anayesafisha chini ya mikorosho hana haja ya kumhofu yule nyoka wa filamu za Kimarekani, anayetikisa mkia ukalia kama njuga za mcheza ngoma. Makao yake ni bara la Amerika tu. Mlio hutoka kwenye vipingili vikavu vya ncha ya mkia, ambavyo ni vya asili moja na kucha zetu. Kila akijivua gamba, hupata kipingili kipya.

Huku kusini yupo jamaa yake, kifutu. Yeye hana njuga. Hufoka kwa hasira, ni kweli, lakini mara nyingi hutulia kwenye majani makavu akitegemea rangi yake, mpaka mguu umkanyage. Mkubwa wao wa misituni, Bitis gabonica, ana meno ya sumu yanayofikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani.

Aliyewapa nyoka hawa umaarufu ni Mwingereza C. J. P. Ionides. Alikuwa askari, akawa jangili wa ndovu, na mwaka 1933 akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika. Jangili kupewa kazi ya kulinda ndovu: ukoloni nao ulikuwa na vituko vyake. Aliishi Liwale, jirani na Nachingwea, na baadaye huko Newala akawa anawanasa nyoka wa kijani wenye sumu kali juu ya miembe na mikorosho, kwa koleo la mti mrefu.

Vitabu vya Kizungu humchora kama mtu aliyepambana na nyoka peke yake. Sivyo. Wanakijiji ndio waliomjia mbio kumweleza nyoka yuko mti gani, naye akawalipa. Mwaka 1951 Arthur Loveridge wa Harvard alichapisha taarifa ya reptilia na amfibia waliokusanywa Tanganyika, na jina la mkusanyaji lililotajwa kwenye kichwa cha taarifa hiyo ni la Ionides.

Liwale ina sababu nyingine ya kumkumbuka. Ni yeye aliyeshikilia sana Pori la Akiba la Selous lipanuliwe, na katika miaka ya 1940 serikali ikahamisha watu kutoka maeneo yao, ikitaja ugonjwa wa malale. Ionides alifariki Nairobi mwaka 1968, akazikwa Nandanga, ndani ya pori hilo. Waliohamishwa hawakurudishiwa mashamba yao.