Mabomba yanayokutana chini ya Dodoma

Leo niwaletee historia ambayo haimo kwenye silabasi: ya vilivyo chini ya miguu yetu.

Wazee wa Kigogo wanasimulia kuwa jina la mji huu limetoka kwenye neno idodomya, yaani amezama, kwa ajili ya tembo aliyedidimia matopeni alipokwenda kunywa maji. Siku hizi vilivyozama ni vingi zaidi: mabomba ya maji, majitaka, nyaya za umeme, simu na mkongo.

Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie hapa, na CDA ikaundwa mwaka huohuo. Mpango kabambe ukatoka 1976, kazi ya Project Planning Associates wa Toronto, Kanada. Sasa si mnajua Dodoma yenyewe: mvua za kuhesabu, hakuna mto wa kudumu wala ziwa la karibu. Maji ya mjini yamekuwa yakitegemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, yakisukumwa kwa pampu. Bila bomba hakuna makao makuu, jamani!

Enzi hizo ramani zilichorwa kwa mkono. Kwenye karatasi, mabomba mawili yanayokutana ni mistari miwili tu. Mistari inakatana, kumbe moja limepita mita nzima chini ya jenzake.

AutoCAD ilitoka 1982, ila mwanzoni nayo ilikuwa kalamu ya kisasa tu. Miaka ya 2000 programu kama Civil 3D zikaanza kulitunza bomba kama kitu kamili, chenye kipenyo, kina na mteremko. Hapo kuunganisha kukawa na masharti. Maji safi yanasukumwa, kwa hiyo bomba lake linaweza kupanda na kushuka. Majitaka yanafuata mteremko: yakikutana panawekwa chemba, na bomba linalotoka lisiwe jembamba kuliko yanayoingia, wala sakafu yake isiwe juu zaidi. Mirija ya nyaya haijali mteremko hivyo, ila kona ikiwa kali waya haupiti, hata kama kwenye skrini imeungana vizuri.

Basi 2016 serikali ikatangaza kuhamia kweli. Mei 2017 CDA ikavunjwa, majukumu yake yakaenda Manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji uliokuwa na watu wasiofika 25,000 kwenye sensa ya 1967 ukahesabiwa 765,179 mwaka 2022. Kote huko kunachimbwa!

Tatizo ni kwamba kompyuta inajua kile ulichoiambia tu. Bomba la zamani lisilo kwenye ramani, kijiko ndicho kitakacholigundua, na mtaa mzima utashinda na ndoo kichwani. Kabla ya kuunganisha jipya na la kale lazima ujue la kale liko wapi, na mara nyingine anayejua ni fundi mmoja aliyekwishastaafu.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuwa masimulizi ni chanzo cha historia, halafu tunakimbilia vita na machifu. Kama una babu au mjomba aliyelaza mabomba enzi za CDA, mkalishe umuulize: lilipita wapi, kina gani, mwaka gani? Andika, kisha ipeleke kwa wanaochora. Akiondoka, ramani hiyo imezama naye.

Haya, nawahi kipindi. Tuonane.