Stima Ilipopotea Ghana: Kisa cha Maersk

Leo tuziache kidogo simu mpya tuzungumzie nakala za data. Ukimuuliza fundi yeyote wa tarakilishi kama anazo, atakuambia ndiyo, zipo. Kampuni ya meli ya Maersk kutoka Denmark pia ilikuwa nazo. Orodha yake muhimu kuliko zote ilikaa kwenye seva zipatazo 150 duniani. Zilifutika zote kwa siku moja, ikabaki moja tu.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 27 Juni 2017. Kule Ukraine, wafanyabiashara wengi walikuwa wakitumia programu ya hesabu na kodi iitwayo M.E.Doc. Wadukuzi walikuwa wameingia kwenye seva zinazosambaza masasisho yake, wakapenyeza kirusi ambacho baadaye kiliitwa NotPetya. Maersk walikuwa na programu hiyo kwenye mashine moja katika ofisi ya Odessa. Hiyo moja ilitosha.

Kirusi hiki kilitembea kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa EternalBlue, mbinu iliyobuniwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, na kuvujishwa mtandaoni Aprili 2017. Mbinu hiyo ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake mwezi Machi. Ya pili ilikuwa Mimikatz, programu inayochota nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo hata mashine iliyotiwa kiraka iliangushwa kwa nywila zilizoibwa kwa jirani yake. Skrini zilidai fidia ya dola 300 kwa bitcoin, lakini ulikuwa uongo mtupu, kwani hata aliyelipa hakuwa na njia ya kurudishiwa data yake.

Ndani ya Maersk, kirusi hakikukuta ukuta wa kukizuia. Vituo 17 kati ya 76 vya bandari vya kampuni hiyo vilikwama, kuanzia Los Angeles hadi Rotterdam na Mumbai. Malori yalipanga foleni kwenye malango yasiyofunguka, na hakuna aliyejua kontena gani lina nini.

Sasa turudi kwenye zile seva 150. Hizi ndizo zilizoshika orodha ya watumiaji wote, nywila zao, na nani anaruhusiwa kuingia wapi. Bila orodha hiyo huwezi kuujenga upya mtandao, hata ukiwa na nakala za vitu vingine vyote. Wasanifu wa mifumo walikuwa wamezipanga zilandane: ukibadilisha kitu kwenye moja, mabadiliko yanafika kwa zote. Waliwaza kwamba seva moja ikiharibika, yoyote kati ya zilizobaki itashika nafasi yake. Hakuna aliyepanga kwa siku ambayo zote zingekufa pamoja.

Mafundi waliokusanyika Maidenhead, karibu na London, walipiga simu kila ofisi. Hatimaye wakaipata seva moja Ghana. Kabla ya shambulio stima ilikuwa imepotea huko, seva ikazimika, na kirusi kilipopita hakikuikuta hewani. Hitilafu ambayo siku nyingine ingeleta malalamiko ndiyo iliyoiokoa kampuni.

Hata hivyo, intaneti ya ofisi ile ilikuwa ndogo mno, na kutuma data yote kungechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana nao hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akairuka nayo hadi Heathrow. Kwa diski hiyo kazi ilianza. Januari 2018 mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos kwamba kwa siku 10 walisimika upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Mwaka 2018 jarida la Wired lilifichua jambo lingine. Mwaka mmoja kabla ya shambulio, wakuu kadhaa wa teknolojia wa Maersk walikuwa wametaka mtandao upangwe upya ili uwe salama zaidi. Mpango ulikubaliwa na ukatengewa fedha. Lakini haukuwekwa kwenye malengo yanayowapa wakubwa wa idara hiyo marupurupu, kwa hiyo haukusonga. Kiraka cha tundu la Windows kilikuwepo, bajeti ilikuwepo, ila hakukuwa na mtu ambaye angeulizwa kwa nini kazi haijafanyika.

Nawaomba tuchukue hili moja: kulandanisha si kuhifadhi. Seva mbili zinazolandana hukulinda diski ikifa, lakini ukifuta kitu kwa makosa au kirusi kikiingia, uharibifu nao unanakiliwa palepale. Nakala ya akiba ni ile iliyokatwa kabisa na mtandao, hata kama ni diski ya nje ndani ya kabati la duka lako, na ambayo umeshajaribu kurudisha data kutoka kwayo. Wiki hii ulizia ofisini kwenu: ya kwenu iko wapi, na ilijaribiwa lini mara ya mwisho?