Siku ya tatu mpe jembe

Ndugu msikilizaji, ipo methali ambayo aghalabu tunaitumia vibaya. Tunasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," huku tukimtazama kwa pembeni shemeji aliyezidisha siku za kukaa. Tunaigeuza methali kuwa namna ya kufukuzia watu. Lakini wahenga hawakusema mpe nauli. Walisema mpe jembe. Mtu aliyepewa jembe ameambiwa kwamba shamba hili sasa linamhusu, na kwamba wakati wa kula hataulizwa anakula kwa nini.

Wiki hii nataka tuipime methali hiyo kwa kisa cha mbali. Ni kisa cha njia ya mlimani huko Marekani, na cha watu wa aina tatu walioitaka: waendao kwa miguu, wapandao farasi, na wapandao baiskeli. Wawili wa kwanza walikuwa wenyeji. Wa tatu alikuwa mgeni.

Kwenye mpaka wa majimbo ya California na Nevada, juu katika milima ya Sierra Nevada, liko Ziwa Tahoe. Maji yake yako kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 500. Wenyeji wa asili wa mahali hapo ni watu wa kabila la Washoe. Mwaka 1859 madini mengi ya fedha yaligunduliwa Virginia City, upande wa Nevada, na misitu iliyolizunguka ziwa ikaanza kukatwa. Magogo yalitakiwa ya kushikilia mashimo ya migodi, na kuni za kuendeshea mitambo. Kabla karne ile haijaisha, sehemu kubwa ya misitu ilikuwa imefyekwa. Miti mingi anayoiona mpita njia wa leo ni ile iliyoota baada ya mashoka hayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, afisa wa Idara ya Misitu ya Marekani aitwaye Glenn Hampton, ambaye kazi yake ilihusu mapumziko ya wananchi misituni, alipata wazo la njia itakayolizunguka ziwa lote kwa kupita juu ya migongo ya milima. Mwaka 1981 chama cha kusimamia wazo hilo kikaundwa. Mwaka 1984 majembe yakaanza kuchimba. Mwaka 2001 mzunguko ukakamilika, maili 150, yaani kilomita 240 hivi. Leo, pamoja na nyongeza zake, Tahoe Rim Trail ina kiasi cha maili 165. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya watu wa kujitolea, wasiolipwa hata senti.

Mtu atauliza, kwa nini miaka 17? Sababu moja ni theluji. Njia hiyo inafika juu ya mita 3,100, na huko kazi hufanyika katika miezi michache ya kiangazi tu. Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Kujenga njia ya mlimani si kufyeka majani na kupita. Adui mkubwa wa njia ni maji. Theluji inayoyeyuka ikipata mfereji itaufuata, na baada ya misimu michache njia inageuka korongo. Kwa hiyo wajenzi huchimba ubavu wa mlima na kuuacha uso wa njia umeinama kidogo kuelekea bondeni, ili maji yaikate njia na kwenda zake. Penye mwinuko mkali hawapandi moja kwa moja. Huizungusha njia kwa kona, na mawe makubwa huyang'oa kwa mitaimbo.

Chombo kinachopendwa sana katika kazi hiyo kinaitwa pulaski: shoka upande mmoja, jembe upande wa pili, mpini mmoja. Kina jina la Ed Pulaski, bwana misitu wa Idaho, ambaye katika moto mkubwa wa Agosti 1910 aliwaingiza watu wake katika shimo la mgodi na kuwaokoa walio wengi.

Hapa, ndugu msikilizaji, tusidanganyike na neno kujitolea. Kujitolea kwa namna hii hakuendi kienyeji. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuiruhusu Idara ya Misitu kupokea watu wa kujitolea, na sheria hiyo ikaweka kwamba mtu akiumia kazini atafidiwa kama mtumishi wa serikali. Lazima awepo wa kumwonyesha mtu namna ya kushika chombo, wa kupima mwinuko, na wa kuamua njia ipite wapi. Mikono ya bure inahitaji maandalizi ambayo si ya bure.

Sasa tumgeukie mgeni wetu. Katika miaka ya 1970, kwenye milima ya Marin, kaskazini ya San Francisco, vijana walianza kushindana kuteremka kwa baiskeli kuukuu zenye matairi mapana. Mashindano yao ya kupimwa kwa saa yalianza mwaka 1976. Haikupita miaka mingi baiskeli za milimani zikawa zinatengenezwa viwandani na kuuzwa madukani, na wenye baiskeli wakaingia katika njia ambazo waenda kwa miguu na wapanda farasi walizizoea kuwa zao peke yao.

Malalamiko yakaanza, na hayakuwa ya wivu tu. Baiskeli haina mlio. Mzee anayetembea taratibu anakutana nayo ghafla kwenye kona. Farasi anashtuka na kumwangusha aliyempanda. Tangu mwaka 1964 sheria ya maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa ilikuwa imekataza vyombo vya kimitambo ndani yake, na mwaka 1984 Idara ya Misitu ikaandika wazi katika kanuni zake kuwa baiskeli nazo zimo. Mwaka 1988 ikazifungia pia Pacific Crest Trail, njia ndefu itokayo mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Canada.

Angalia jinsi mambo yalivyokutana. Mwaka ule ule ambao majembe yalianza kuchimba Tahoe, mlango wa nyika ulifungwa kwa baiskeli. Na njia ya Tahoe, upande wa magharibi, inaungana na Pacific Crest Trail kwa karibu maili 50, na inapita ndani ya nyika za Desolation na Mount Rose. Kwa hiyo mpaka leo mwenye farasi anaweza kuuzunguka mzunguko wote, lakini mwenye baiskeli hawezi.

Mgeni alifanya nini? Mwaka 1988 huo huo, vyama vya waendesha baiskeli vya California viliungana kuunda chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, na miongoni mwa shabaha zake kikaweka kuendesha bila kuharibu njia, na wanachama kujitolea kuzitengeneza. Kuanzia mwaka 1997 kikawa kinatuma wataalamu wawili wawili kuzunguka nchi na kufundisha watu kujenga njia. Mgeni hakungoja apewe jembe. Aliliomba.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo na siri ya njia za pamoja. Aliyechimba ubavu wa mlima kutwa nzima ili maji yasiharibu njia anajua tairi lililofungwa breki linafanya nini juu ya udongo ule. Na anayekutana naye kwenye kona hakutani tena na mharibifu. Anakutana na mtu aliyeshika naye mtaimbo mmoja.

Katika njia nyingi za Marekani pamekubalika utaratibu huu: mwenye baiskeli humpisha mwenda kwa miguu, na wote wawili humpisha farasi. Katika sehemu moja ya njia ya Tahoe, kuanzia Tahoe Meadows kuelekea kusini, baiskeli huruhusiwa tarehe zinazogawanyika kwa mbili tu. Asiyetaka kukutana na baiskeli anangojea tarehe 3 au tarehe 5.

Je, jembe liliondoa ugomvi wote? La hasha. Wapo waendesha baiskeli walioona kuwa jasho lao linawastahilisha kufunguliwa nyika, na mwaka 2017 muswada wa namna hiyo ulifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Lakini chama kile kile cha mwaka 1988 kilikataa kuuunga mkono. Wapo wanachama waliokasirika, na hasira yao inaeleweka. Hata hivyo naona chama kilielewa jambo moja: jembe humpa mgeni sauti barazani, lakini halimpi hati ya kumiliki shamba.

Sisi nasi twaijua kazi ya msaragambo. Twajua pia udhaifu wake: siku ya kufungua watu hujaa, siku mtaro unapoziba haonekani mtu. Njia ya Tahoe ilikamilika mwaka 2001, lakini kila theluji inapoyeyuka miti iliyoanguka hungoja kuondolewa, na mikondo ya maji hungoja kuzibuliwa. Ndani ya nyika, ambako misumeno ya injini kwa kawaida hairuhusiwi, magogo hukatwa kwa msumeno wa kuvutwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule.

Basi, ndugu msikilizaji, akija mtu kutaka sehemu ya kile tulichokizoea kuwa chetu, tusikimbilie kumtafutia nauli. Tumwonyeshe jembe lilipo, tuone kama atalishika. Na sisi wenyeji tulishike pia, maana methali haikusema mgeni alime peke yake.