Saraka Nne za Kimo Kimoja

Fundi seremala aliponiuliza saraka ziwe za kimo gani, nilimjibu kwamba zote nne ziwe sawa. Akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "kabati la namna hii huwa na droo kubwa chini, kisha hupungua kuelekea juu. Hivyo uzito hukaa chini, na hivyo ndivyo macho yanavyopenda." Kwa upande wa useremala alisema kweli. Lakini mimi sikumwita kwa ajili ya macho.

Mbao tulikuwa nazo. Zilitoka katika muhumula mmoja uliosimama kwenye kibanja chetu, huku Muleba, tangu marehemu baba alipoupanda miaka ya 1960 ili uipe kivuli mibuni na migomba. Vitabu vya misitu huuita musizi, jina la Waganda. Wataalamu wa mimea huuita Maesopsis eminii, na neno hilo la pili ni kumbukumbu ya Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani cha Bukoba mwaka 1890. Aliyeliandika jina hilo ni Adolf Engler, mwaka 1895. Wahaya walikuwa wakiujua mti huo, na kuuita kwa jina lake, zamani kabla ya hapo. Kuandikwa kwa jambo si kuzaliwa kwake. Lakini likishaandikwa, aliyeliandika ndiye anayesikilizwa. Naomba msomaji aliweke neno hili akilini.

Wapasuaji walipouangusha, mbao zake zilikuwa za manjano kama ndizi mbivu. Tulizipanga kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, zikakaa miezi minane. Bukoba na Muleba ni nchi za mvua. Mbao isiyokauka vizuri hujikunja, na saraka yake hukwama. Polepole zikageuka rangi ya asali iliyokolea, kama wasemavyo Wamarekani juu ya mbao zao za mcheri, kwamba kadiri zinavyoona mwanga ndivyo zinavyopendeza. Muhumula una udhaifu mmoja: mchwa huupenda. Kwa hiyo miguu ya kabati fundi aliitengeneza kwa mvule, ambao mchwa huuogopa. Pembe za saraka hakuzipigilia misumari. Alizichonga meno kwa patasi, ubao mmoja ukaushika mwingine kama vidole vya mikono miwili.

Babu yangu hakuwa na kabati. Katika nyumba ya msonge vitu vilitundikwa nguzoni au viliwekwa ndani ya vikapu, na nguo ya lubugo, iliyogongwa kutoka gome la mtoma, ilikunjwa tu. Fedha za kahawa ndizo zilizoleta masanduku. Baba alikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na ndani yake alitunza stakabadhi za kodi na karatasi za chama cha ushirika, ambacho kilianza Bukoba mwaka 1950. Sanduku lilikuwa moja, ufunguo mmoja.

Baba alifariki mwaka 1974. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa, nikatajwa kuwa omusika, yaani mrithi mkuu, nami nikakabidhiwa ule ufunguo. Dada yangu mkubwa alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu na mlango. Ndiye aliyemwuguza baba miaka miwili, wakati mimi nikifundisha mbali. Aliambiwa kwamba ataruhusiwa kukaa na kula ndizi za kibanja, lakini si kuuza wala kurithisha. Nilikuwa mwalimu, nimetoka chuo cha ualimu, najua kusema mbele ya watu. Nilinyamaza.

Wazee hawakujitungia. Desturi ya kurithi ya Wahaya ilikuwa imeandikwa kitabuni na Hans Cory na mwenzake Hartnoll mwaka 1945, wakati wa Waingereza. Baada ya Uhuru, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 likawagawa warithi katika madaraja matatu, na mabinti wakawekwa katika daraja la tatu. Ardhi ya ukoo mwanamke aliweza kuitumia katika uhai wake, si kuiuza. Jambo lililokuwa likijadiliwa na wazee chini ya mti, likilegezwa hapa na kukazwa pale, sasa lilikuwa na namba.

Dada alifariki mwaka 1987. Mwaka uliofuata, katika wilaya yetu hii ya Muleba, mama mmoja aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Aliliuza kwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili. Mahakama ya Wilaya ikampa mama haki. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume, kwa kuwa Katiba, tangu ilipotiwa Haki za Binadamu mwaka 1984, inakataza ubaguzi. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ikasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili.

Nilisoma habari za hukumu ile nikiwa mwalimu mkuu. Niliikunja karatasi, nikaiweka ndani ya sanduku la baba, nikalifunga. Nilifanya hivyo kwa sababu ilikuja miaka mitatu baada ya dada kuzikwa, na ilisema maneno ambayo mimi ningeweza kuyasema bila ya kuwa jaji.

Nina watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Wosia wangu nimeuandika na mashahidi wametia saini. Kibanja kimegawanywa sehemu nne, na kila mtoto ana nakala katika saraka yake, pamoja na ramani ya mipaka niliyoichora kwa mkono. Kila saraka ina kitasa chake, nilivyonunua Bukoba mjini, na kila mmoja ana ufunguo wake.

Kabati lilipoletwa, mwanangu mkubwa alifika kuliona. Alisifu rangi, akavuta saraka moja baada ya nyingine. Kisha akashusha kiganja ndani ya ile ya juu akapima kina, akafanya vile vile katika ya pili, ya tatu na ya nne. "Tata," akasema, "fundi hakukosea?"

"Hakukosea," nikamjibu.

Hakusema zaidi. Msimu wa mvua saraka ya binti yangu mdogo ilivimba ikakwama. Aliyemwita fundi aje na randa ni kaka yake huyo. Sijamwuliza amekubali au la. Safari hii nimeshasema langu, na limeandikwa.