Matuta ya Mlalo

Mwezi wa Novemba mwaka 1994 nilipanda milima ya Usambara kwa pikipiki yangu ya Honda, nyuma nimefunga hema, blanketi, sufuria na dumu dogo la petroli. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini barabara inajipinda kama nyoka, na kila kona joto la bondeni linabaki nyuma. Nilipofika Soni nilikuwa nimekwisha kuvaa koti.

Njia hizi zimepandwa na wengi. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika kwa miguu katika nchi ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa ambaye makao yake yalikuwa Vugha. Kimweri alifariki mwaka 1862, watoto na wajukuu wake wakagombana, na nchi ikadhoofika. Wajerumani walipoitwaa, mji wa Lushoto wakauita Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao. Baadaye wakaja Waingereza.

Mimi sikwenda kutafuta habari za wafalme. Nilikwenda kwa sababu ya baba yangu. Katika miaka ya 1950 alikuwa bwana shamba msaidizi katika bonde la Mlalo. Mzee yule alipenda kusimulia kila jambo la ujana wake, isipokuwa miaka hiyo. Tukimwuliza, alisema, "Tulikuwa tunachimba matuta," kisha akanyamaza.

Habari ya matuta ni hii. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hilo hakuna anayelipinga. Lakini kila mkulima alilazimishwa kuchimba matuta, na asiyechimba alipelekwa barazani akatozwa faini au akafungwa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Isitoshe, watu waliogopa kwamba shamba likishapimwa na kuchimbwa kwa amri ya serikali, siku moja litachukuliwa. Chuki hiyo haikuwa ya Usambara peke yake. Huko Uluguru, mwaka 1955, ugomvi wa matuta ulimaliza uhai wa mtu. Chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, kilikuta wakulima wamekwisha kukasirika. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1950 amri ya matuta ikaachwa.

Nilipita msitu wa Magamba, nikateremka Mlalo jioni. Mama mmoja mzee aliniruhusu kupiga hema kando ya shamba lake, chini ya tuta la zamani lililoota nyasi. Nilijiona nimepata mahali pazuri, pasipo upepo. Usiku ikanyesha mvua ya vuli. Tuta lile lilikusanya maji mpaka likajaa, kisha likakatika. Hema likajaa tope, blanketi likaloa, nami nikamalizia usiku nimejikunyata chini ya upenu wa jiko la yule mama.

Alfajiri alinikuta pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Lile tuta ni la Waingereza. Sisi tuliwaambia, kwenye mteremko kama huu maji hayafungwi, yanapewa njia. Hawakusikia."

Alinipa uji wa moto na viazi. Nikaona si haki kula chakula chake huku nimeficha jambo. Nikamweleza baba yangu alikuwa nani. Akanitazama kwa muda, akanitajia hata baiskeli aliyokuwa akiipanda.

"Mume wangu alilala mahabusu siku tatu kwa ajili yake," akasema. Kisha akaniongezea uji. "Alikuwa kijana, na alitumwa. Msalimie."

Baadaye alinitembeza shambani. Juu kidogo palikuwa na mistari ya majani ya Guatemala na miti, imefuata mkingamo wa mlima, na kati yake mahindi na maharage. Hayo yalitokana na mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani. Ng'ombe hufungwa zizini, hulishwa majani yale yale yanayozuia udongo, na samadi hurudi shambani. Mama alisema yeye mwenyewe ndiye aliyechagua mistari ipite wapi.

Wasambaa wana neno la kale, kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. Zamani ilikuwa kazi ya mfalme, kwa kuleta mvua na amani. Waingereza nao walidhani wanaiponya nchi, na baba yangu alidhani hivyo hivyo. Udongo waliujua. Waliosahau kuwauliza ni wale walioulima miaka yote, ambao walijua maji yanapita wapi.

Nilirudi nyumbani siku ya nne, nguo zimeganda tope. Nikampa baba salamu za Mlalo, na habari za mahabusu pia. Alikaa kimya muda mrefu, akichezea fimbo yake.

"Matuta yetu bado yapo?" hatimaye akauliza.

"Lile nililolala chini yake lilikatika usiku."

Akatikisa kichwa polepole. "Walituambia," akasema. "Walituambia kila siku."

Tangu siku hiyo akaanza kusimulia.